Mwaka wa tatu: nichukue kozi ya derivativu za bidhaa wakati hapa nchini hakuna soko la fyucha?

KiboshoJuu

Habarini wakuu. Nipo mwaka wa tatu, BCom upande wa fedha, chuo kimoja hapa Dar. Muhula ujao tunachagua kozi moja ya hiari kati ya mbili: Kodi sehemu ya pili, au Derivativu za Bidhaa na Usimamizi wa Vihatarishi. Derivativu ni mikataba ambayo thamani yake inafuata bei ya kitu kingine, kama fyucha, yaani ahadi ya kuuza au kununua mzigo tarehe ya mbele kwa bei inayokubaliwa leo. Usajili unafungwa Ijumaa na kichwa kinaniuma.

Roho inataka hiyo ya pili. Mama yangu ni mwanachama wa AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, kule Kibosho. Tangu nikiwa mdogo nasikia habari za malipo ya kwanza na malipo ya pili, na sijawahi kuelewa kwa nini mwaka mmoja malipo ya pili yanatosha kununua bati na mwaka unaofuata hayaji kabisa. Mhadhiri wa hiyo kozi alipita darasani akasema bei ya kahawa ya Kilimanjaro inaanzia New York. Hapo nikaacha kuchezea simu.

Sasa wenzangu wa hosteli wananicheka. Wanasema Tanzania hakuna soko la fyucha, utamuuzia nani, tena fyucha za nini, nyanya? Waliotutangulia nao wanasema nusu ya kozi ni hesabu, fomula ya Black-76 sijui nini, na sapu zake si mchezo. GPA yangu haina pa kuangukia.

Halafu kuna ripoti ya utafiti. Nilitaka kupima kama mfanyabiashara wa mahindi wa Songea anaweza kujikinga na kushuka kwa bei kwa kutumia fyucha za mahindi meupe za Johannesburg, maana ndilo soko lililo karibu. Msimamizi kasoma mistari miwili, kasema "fikiria tena", kaondoka zake.

Naomba wenye uzoefu waseme. Matusi pelekeni kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Mhasibu_Tandika

Chukua kodi, mdogo wangu, ulale usingizi. Ukimaliza unakaa mitihani ya CPA, TRA ipo, kampuni za ukaguzi zipo. Hiyo nyingine utaijua vizuri sana, halafu utauza vocha huku unaijua vizuri sana.

DadaWaLoti

Mhasibu kwenye ajira hajakosea, nafasi za kazi hii ni chache. Ila mimi ndiyo kazi ninayoifanya, kwa hiyo nivumilieni nirefushe kidogo.

Nipo kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa hapa Moshi. Kila asubuhi lazima nijue tumenunua tani ngapi, tumeuza ngapi, ngapi zimeshafiksiwa bei na ngapi zinaelea. Wenzako wa hosteli wanadhani nchi isiyo na soko la fyucha haina habari na fyucha. Mama yako hajawahi kukanyaga New York, lakini msimu mzima anaishi na bei yake. Kinachokosekana hapa ni chombo cha kujikingia. Hatari yenyewe tunayo tele.

Mkataba wa arabika wa New York ni pauni 37,500 za uzito kwa loti moja, yaani mkataba mmoja, bei inatajwa kwa senti za dola kwa pauni. Kahawa ya Tanzania ni mojawapo ya zinazokubalika kukabidhiwa kwenye maghala ya soko hilo kwa bei ya ubao, yaani ya soko lenyewe, haiongezewi wala haikatwi. Ya Colombia inaongezewa, ya Brazil inakatwa. Sisi tunanunua mnadani, dola kwa kilo 50. Tunamuuzia mnunuzi wa Ulaya au Japani kwa maneno kama "New York Desemba, jumlisha senti kadhaa". Hizo senti kadhaa ndizo tunazoziita difarensho, na ndizo tunazobishania kwenye simu. Hiyo "New York Desemba" yenyewe inaachwa wazi, mnunuzi ataifiksi siku anayotaka yeye. Kati ya siku ya mnada na siku ya kufiksi zinaweza kupita wiki nyingi, na kahawa tumeinunua kwa mkopo wa benki. Kwa hiyo siku tunayonunua mnadani tunauza fyucha za tani hizohizo, na siku mnunuzi anafiksi tunazinunua tena tunafunga. Hiyo ndiyo kuheji, yaani kujikinga. Ukiambiwa ni mambo ya Wall Street, waambie inafanyika juu ya duka la pembejeo.

Vitabu vinaishia hapo, "hatari imeondoka". Haijaondoka. Umetoa hatari moja kubwa usiyoweza kuibeba, ukachukua mbili zinazoonekana ndogo. Ya kwanza ni difarensho: New York inaweza kupanda kwa sababu ya ukame wa Minas Gerais kule Brazil, mnada wa Moshi usiifuate senti kwa senti, au uifuate halafu wanunuzi wakate difarensho. Ya pili ndiyo inayoua kampuni: pesa taslimu.

Chukua mfano huu. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kilo 60, tani 19.2. Loti moja ni tani 17 na chembe. Haviendani, kwa hiyo mara nyingi unabaki na vipande visivyokingwa au vilivyokingwa kupita kiasi. Kontena nane ni tani 153.6, loti tisa ni tani 153.1, ukiangukia hapo shukuru Mungu. Basi umenunua kontena nane katikati ya Novemba 2024, arabika ikiwa chini ya dola 3 kwa pauni, ukauza loti tisa. Februari 2025 bei imepita dola 4, juu kuliko ilivyowahi kufika. Kila dola moja ya kupanda ni hasara ya dola 37,500 kwa loti uliyoiuza. Kwa loti tisa ni dola 337,500.

Kwenye karatasi hujapoteza kitu, kahawa iliyo ghalani nayo imepanda. Lakini ghala halitoi pesa mpaka meli iondoke na nyaraka zifike. Dalali anataka nyongeza ya dhamana, yaani pesa unayoweka kwake kufidia hasara ya fyucha, leo hii, kwa dola. Usipoleta anakufungia nafasi zako, na hapo hasara ya karatasi inakuwa hasara ya kweli, na kahawa yako haina kinga tena. Unampigia meneja wa benki, anakwambia kikomo cha mkopo kimefika, na kamati ya mikopo inakaa wiki ijayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukichukua hiyo kozi, muulize mhadhiri mapema: dhamana tutaisoma wiki ya ngapi? Akikwambia ni aya moja kwenye utangulizi, itabidi ujisomee. Mwombe awafundishe kisa cha Metallgesellschaft cha mwaka 1993. Kampuni tanzu yake ya Marekani iliahidi kuwauzia watu mafuta kwa bei isiyobadilika kwa miaka hadi 10, ikajikinga kwa kununua fyucha za miezi ya karibu na kuzisogeza kila mwezi. Bei ya mafuta iliposhuka, hasara ya fyucha ilidaiwa papo hapo, faida ya mikataba ya wateja ilikuwa inasubiri miaka. Hasara ilifika kama dola bilioni 1.3. Mpaka leo maprofesa wanabishana kama kinga ile ilikuwa sahihi. Mimi naona ubishi huo ni anasa ya mtu asiyewahi kuombwa dhamana saa kumi jioni.

Black-76 isikutishe. Ni Black-Scholes ya 1973, fomula ya kupigia bei opsheni (haki ya kuuza au kununua kwa bei mliyokubaliana, bila kulazimika), ila Fischer Black mwaka 1976 aliiandika upya ianzie kwenye bei ya fyucha badala ya bei ya mzigo wenyewe. Gharama za ghala, riba, na faida ya kuwa na mzigo mkononi wakati wengine hawana, vyote vimeshakaa ndani ya bei ya fyucha. Ukilielewa hilo, kinachobaki ni kubonyeza Excel.

KiboshoJuu

Dada shikamoo, maana umenifundisha kuliko muhula mzima. Swali, hata kama ni la kitoto: bei imepanda dola nzima na ghala limejaa. Si bora msingeuza hizo fyucha kabisa? Dola yote ingekuwa yenu.

DadaWaLoti

Marahaba. Ingekuwa yetu, ndiyo. Na kufikia Julai 2025 bei ilishagusa tena chini ya dola 3. Aliyenunua mnadani kwenye kilele bila kinga ilikuwaje? Faida yetu kwa pauni ni senti chache za difarensho. Mtu anayeishi kwa senti chache hawezi kubeba mtikisiko wa dola nzima kwa pesa ya benki. Anayetaka kuotea bei aoteshe pesa yake, asiiguse ya mkopo wa msimu. Mkataba wetu na benki unatulazimisha kuheji, na nadhani wana haki.

Kuna njia ya kubaki na sehemu ya kupanda: unanunua opsheni ya kuuza. Unalipa ada mara moja, hakuna wa kukudai dhamana, bei ikipanda unafurahi, ikishuka opsheni inakulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Benki ya Dunia iliwasaidia wana ushirika wa kahawa Tanzania kujaribu njia hiyo. Ugumu ni kwamba ada inapanda wakati soko limechafuka, yaani wakati uleule unaoihitaji. Mueleze mwanachama wa AMCOS kwamba mmelipa maelfu ya dola kwa karatasi iliyoisha bila kutumika. Kwenye mkutano mkuu utatafutiwa mlango.

Nshamba_Robusta

Wanaosema hatuna mikataba ya mbele hawajafika Kagera. Butura ni nini? Mkulima anamuuzia mwenye duka kahawa ikiwa bado maua, analipwa leo, anakabidhi ikivunwa. Huo ni mkataba wa mbele uliolipwa kabla, hata mkiuvika suti. Serikali inaupiga vita miaka yote, na ukipiga hesabu utaona kwa nini. Tuseme mtu analipwa shilingi 10,000 leo kwa kahawa itakayouzwa 20,000 miezi sita mbele. Amekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka. Mwenye duka hakumkinga na bei, amemkopesha kwa riba ambayo benki ingeshitakiwa.

Lakini watu hawaingii butura kwa ujinga. Ada ya shule inadaiwa Januari, kahawa inaiva katikati ya mwaka. Mkulima anachohitaji kwanza ni pesa kabla ya msimu. Bei inakuja baadaye. Ningekuwa wewe ningeandika ripoti juu ya hilo: watenganishe mkopo na bei ndani ya butura, uone kila kimoja kinamgharimu mkulima kiasi gani. Hesabu ni za mwaka wa pili, na utaongea na watu badala ya kupakua majedwali.

Ukifanya hivyo kumbuka yetu ni robusta. Ubao wake uko London, loti ni tani 10, bei ni dola kwa tani. Usiniletee New York Bukoba.

Mkokotoaji_TZ

Ninasaidia kufundisha kozi inayofanana na hiyo, chuo kingine. Msimamizi wako hakukuonea, ila angekaa dakika mbili akueleze.

Fyucha ya mahindi meupe ya Johannesburg ni tani 100 na bei ni ya randi, kwa hiyo mtu wa Songea anabeba hatari ya sarafu juu ya hatari ya mahindi. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni mpaka. Serikali yetu iliwahi kuzuia mahindi kwenda nje mwaka 2011, ikazuia tena 2017. Tamko kama hilo likitoka, bei ya Songea inaporomoka kwa sababu ya mzigo uliokwama, na Johannesburg haina habari. Yaani siku mfanyabiashara wako anayohitaji kinga kuliko siku zote ndiyo siku kinga haimjui. Hiyo ndiyo difarensho ya Dada hapo juu ikiwa na hasira. Unaweza kuiandika, na jibu la "kinga haifanyi kazi" ni jibu halali, lakini utakuwa umetumia muhula mzima kuthibitisha kitu ambacho dereva wa lori wa Tunduma anakijua.

Kahawa ni bora kwako, hasa ukiwa na mama wa kumuuliza. Benki ya Dunia inatoa bure bei za kila mwezi za bidhaa kuanzia 1960. Kuna mtego mmoja: arabika yao inafuata kundi ambalo Shirika la Kimataifa la Kahawa linaliita laini nyingine. Tanzania haimo humo. Shirika hilo limetuweka sisi na Kenya kwenye kundi la laini za Colombia. Wanafunzi wengi wanachukua safu iliyoandikwa arabika, wanaendesha rigresheni (hesabu ya kupima bei moja inavyofuata nyingine), wanatetea ripoti bila kujua wamepima kahawa ya Guatemala.

Mtego mwingine ni vipimo. Mnada ni dola kwa kilo 50, New York ni senti kwa pauni. Kilo 50 ni pauni 110.23, kwa hiyo senti 300 kwa pauni ni kama dola 330.7 kwa kilo 50. Badili kwanza, ndipo ufanye lingine lolote. Na tafadhali usiendeshe rigresheni ya bei kwa bei. Bei zote mbili zikipanda kwa miaka kumi utapata R-mraba (kipimo cha jinsi zinavyofuatana) ya kupendeza isiyo na maana. Tumia mabadiliko ya bei. Mteremko utakaoupata ndio uwiano wa kinga: ukiwa 0.8, kwa kila tani 100 za Moshi unauza fyucha za tani 80. Mnada hauendeshwi mwaka mzima, utakuta mapengo. Usiyazibe kwa kurudia bei ya mwisho, utakuwa umetengeneza utulivu ambao haukuwepo.

Sapu za kozi hii nazijua, ndizo ninazosahihisha. Wengi wanaanguka kwenye alama: nani ameuza, nani amenunua, hasara ya huku ni faida ya wapi. Hesabu ngumu huwa wamezikariri. Chora jedwali la safu mbili, mzigo na fyucha, kila swali, hata lile unaloliona rahisi.

Bandarini_MSA

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu soko la derivativu lipo, Soko la Hisa la Nairobi lilizindua lake Julai 2019. Lakini ni fyucha za faharasa (kipimo cha bei za hisa kwa ujumla) na za hisa za kampuni, hakuna kahawa wala chai. Na chai ndiyo inayonipa mimi mkate. Mnada wetu unauza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, Burundi na kadhalika, kwa dola, na bado duniani kote hakuna ubao wa fyucha za chai wa kutegemewa. Chai hazifanani, kila shamba, kila wiki, ladha yake. Ukitaka kufanya mtihani wa kiakili, jiulize kwa nini kahawa ilikubali kuwekewa viwango na chai ikakataa. Lecturer wetu alitupa swali hilo kwenye CAT na darasa lilitoka limenuna.

Nataka kuongeza neno kuhusu hiyo sehemu ya pili ya jina la kozi, usimamizi wa vihatarishi, kwa sababu wanafunzi huiruka. Mafuta ghafi yalifika karibu dola 147 kwa pipa Julai 2008, na kufikia Desemba yakawa chini ya 40. Kenya Airways ilikuwa imejikinga dhidi ya kupanda kwa bei, na mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2009 ulifungwa kwa hasara kubwa ambayo mikataba hiyo ilichangia pakubwa. Wakenya wakapiga kelele kwamba pesa imechezewa kamari. Sikubaliani nao. Ndege inayochoma mafuta kila siku bila kinga yoyote nayo inacheza kamari, ila hiyo haiandikwi kwenye gazeti. Swali ninalotaka mwanafunzi aweze kujibu ni hili: bodi iliambiwa nini kabla? Kuna karatasi iliyoonyesha bei ikianguka hadi 40 tutadaiwa kiasi gani, na tutakitoa wapi? Hapo hamna fomula. Ni kuandika ukurasa mmoja ambao mwenyekiti asiyejua opsheni ataelewa.

Mhasibu_Tandika

Nimesoma yote, na nakubali dada ameshiba. Ila swali langu halijajibiwa: huyu dogo ataajiriwa na nani? TMX, soko la bidhaa la Tanzania, si ipo, mbona fyucha hatuzioni?

DadaWaLoti

TMX ni mnada wa mzigo uliopo. Ufuta, mbaazi, korosho: mzigo uko ghalani, unashinda bei, unalipa, unachukua. Hakuna cha mwezi ujao. Lakini usiidharau, maana kinachouzwa pale kinategemea stakabadhi ya ghala, yaani hati kwamba mzigo umewekwa ghalani, na sheria yake tunayo tangu 2005. Soko la fyucha la Chicago nao walianzia kwenye maghala na madaraja ya nafaka. Bodi yao ilianza 1848 na fyucha zenye masharti sawa kwa wote zikaja 1865. Bila stakabadhi ambayo mtu wa mbali anaiamini bila kuuona mzigo, fyucha haina cha kukabidhi. Lini tutafika sitabiri.

Ajira: benki zinazokopesha mazao, waagizaji wa mafuta, wasafirishaji kama sisi, bima. Chache, nimeshasema. Lakini kwenye usaili wetu naona vijana wanaochora michoro ya opsheni vizuri ajabu, ukiuliza kontena moja ni loti ngapi wanaangalia dari. Anayejibu hilo hana washindani wengi.

KiboshoJuu

Nimejisajili derivativu. Butura nimeitamani sana lakini Kagera ni nauli na bumu limeisha. Nimempelekea msimamizi kichwa kipya, mnada wa Moshi dhidi ya fyucha za New York, na sura moja nzima ya dhamana: AMCOS ingedaiwa kiasi gani kila wiki kati ya Novemba 2024 na Februari 2025 kama ingeheji yenyewe. Safari hii alikaa kwenye kiti.

Ombi: matokeo ya minada niliyopata ni karatasi zilizoskaniwa, nyingine zimepinda. Kuna mwenye nayo kwenye Excel?

Mkokotoaji_TZ

Hakuna. Ingiza mwenyewe kwa mkono. Na kila ukurasa hakikisha kipimo kabla hujaandika namba.

DadaWaLoti

Na daraja. AA, B na PB haziuzwi bei moja, ukichanganya wastani wako utapanda kwa sababu tu wiki hiyo AA zilikuwa nyingi. Chagua daraja moja ubaki nalo.

Mhasibu_Tandika

Kodi ya faida ya fyucha utakuja kuniuliza mimi.